Picha za Upande wa Wanawake

Zahoro alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa bafu la zamani, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha hakuna mtu anayeufungua. Ndani, gizani, mkewe Mwanafatuma alikuwa akitengeneza slaidi. Zahoro alistaafu ukarani wa stoo na heshima zake zote, na hakuwahi kufikiria kwamba uzeeni angepewa ubawabu wa bafu. Lakini aliufanya vizuri. Kuku wakipita karibu aliwafukuza, ingawa kuku hawajui kufungua mlango.

"Bado?" aliuliza.

"Bado. Na usinisemeshe, nahesabu."

Kazi yenyewe ilitaka giza la kweli na vidole vinavyojua njia. Mwanafatuma aliulaza mkanda wa negativu juu ya filamu mpya, uso kwa uso, akaibana kwa kioo, akaimulika kwa tochi iliyofungwa plastiki ya buluu, mara moja tu na upesi. Ile buluu ilikuwa ya kuua rangi ya chungwa ambayo negativu zote za rangi zimezaliwa nayo. Kisha filamu mpya iliingia kwenye dawa ya kwanza, ikaingia ya pili, ikaoshwa, na yote yaliyokuwa kinyume yakageuka. Nywele nyeupe zikawa nyeusi, meno meusi yakawa meupe, na bahari iliyokuwa na rangi ya embe bivu ikawa bahari. Zikishakauka alizikata moja moja na kuzitia kwenye fremu ndogo za plastiki, tayari kuwekwa kwenye projekta na kumulikwa ukutani.

Mtu atauliza ni nani siku hizi anayetaka slaidi, na kila mmoja ana picha elfu kwenye simu yake. Anayetaka ni hoteli. Hoteli moja ya Diani iligundua kwamba wageni wake wamechoka na simu, wanataka projekta ya zamani inayolia klak kila picha inapobadilika, wanataka kukaa kwenye ukumbi uliovutwa mapazia, wanywe chai na kuiona Pwani ya zamani. Sufyan, mtoto wa pekee wa Mwanafatuma, alikuwa akifanya kazi hapo kwa mkataba, kwenye ofisi ya burudani. Alipoulizwa kama anamjua mtu mwenye picha za zamani, alijibu kabla swali halijaisha. Mamake alikuwa mpiga picha wa Msambweni tangu enzi za filamu.

Alasiri hiyo Sufyan aliingia uani na shati lake la hoteli lenye jina kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mamako yumo humo. Usiguse mlango."

Mwanafatuma alitoka mwenyewe, mikono ikinuka dawa, akatundika mikanda kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Kulikuwa na wavuvi wa Gazi wakitoka kwenye mikoko, soko la Ukunda, watoto wa Tiwi kwenye mti wa mkanju. Sufyan alizitazama dhidi ya anga, akazisifu, akazisifu tena. Mamake akajua kuna jambo.

"Sema."

"Caroline, bosi wangu wa ofisini, anataka na zile za harusi, mama."

"Harusi gani?"

"Zile za kwenye kopo la biskuti."

Mwanafatuma aliingia chumbani, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda. Kopo halikuwapo. Alibaki amepiga magoti kidogo, si kwa sababu ya goti linalomsumbua. Alipotoka hakupandisha sauti.

"Umelichukua lini?"

"Juzi. Nilimpelekea atazame tu. Mama, ni negativu. Hata mimi sikumjua mtu hata mmoja mle. Ni vitu vya rangi ya chungwa na macho meupe."

Na hapo mtoto alikuwa anasema maneno ya watu wote. Kwa miaka mingi Mwanafatuma ndiye aliyekuwa mwanamke pekee mwenye kamera kutoka Msambweni hadi Ukunda, na kwa hiyo ndiye pekee aliyeruhusiwa kupiga picha upande wa wanawake. Huko wanaume hawafiki. Huko wanawake huvua buibui na mitandio, hufungua nywele, hufunga leso viunoni na kucheza chakacha mpaka wapambe washindwe kupumua. Masharti yalikuwa makali. Picha zilisafishwa, zikakabidhiwa kwa mama wa bibi harusi mkononi, na mama huyo alizikagua moja moja kabla ya kufunga bahasha. Negativu hakuna aliyeziulizia. Hakuna mama, hakuna mume, hata wale waliokuwa wakali kuliko wote. Mkanda haukuwa picha. Nani atamtambua binti yake mwenye meno meusi? Mwanafatuma naye aliona hivyo hivyo, akaiweka mikanda kwenye kopo kwa sababu mpiga picha hatupi filamu.

"Zirudishe," alisema.

"Caroline ameshamwambia meneja. Ameshatangaza. Mama, mkataba wangu unaisha mwezi huu."

Zahoro alitazama juu. Alikuwa anatazama mabati mapya, ambayo yalinunuliwa kwa malipo ya kwanza ya hoteli. Mvua ya mwaka jana waliishi na sufuria kila pembe ya nyumba. Mabati hayarudishwi dukani yakishatobolewa misumari.

"Labda wakichagua zile ambazo si mbaya," alisema polepole.

"Zote si mbaya," Mwanafatuma alimjibu. "Ni nzuri zote. Ndiyo maana si za kuonyeshwa wanaume. Kesho nitakwenda mwenyewe."

*

Kwenye lango la hoteli askari alimsimamisha kabla hajamaliza kuteremka kwenye tuktuk.

"Mama, wafanyakazi wanapita nyuma."

"Mimi si mfanyakazi."

"Basi wewe ni mgeni wa chumba gani?"

Mwanafatuma alimtazama kijana huyo ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Hakuwa na chumba cha kumtajia. Alizunguka nyuma, akapita penye mapipa ya taka na magunia ya vitunguu, akaonyeshwa benchi karibu na mlango wa jikoni, na hapo akakaa mpaka kivuli kikahama kutoka upande mmoja wa benchi kwenda wa pili. Wapishi walimpita na mabeseni. Mmoja alimuuliza kama ameleta mayai.

Caroline alipokuja alikuja na furaha yake yote. Alikuwa msichana wa bara, mchangamfu, mwenye kucha ndefu na moyo ambao haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu.

"Mama Sufyan! Aki pole, nilikuwa kwa mkutano. Hizo slaidi zako zimeniua. Kuja ofisini, kuja."

Ofisini kulikuwa na baridi ya mashine. Kopo la biskuti lilikuwa wazi juu ya meza na mikanda imetapakaa kando yake, mingine imeguswa kwa vidole vyenye mafuta. Mwanafatuma alianza kuikusanya bila kuomba ruhusa.

"Nimekuja kuzichukua. Hizi hazionyeshwi."

"Lakini ndizo kali kuliko zote. Angalia." Caroline aliulaza mkanda mmoja juu ya kioo cha kompyuta kilichokuwa cheupe pe, akauelekezea simu, akagusa mahali.

Mwanafatuma hakuwa amejua kwamba siku hizi ni kugusa tu. Yeye alihitaji giza, dawa mbili, plastiki ya buluu na mume wa kulinda mlango. Simu haikuhitaji chochote. Rafiki yake Twaiba alitokea kwenye kioo na sura yake yote, bado msichana, nywele zimemwagika mabegani, leso ya kijani imefungwa chini kabisa ya kiuno, mikono juu, mdomo wazi kwa kicheko. Ilikuwa harusi ya Hanifa, mwenzao. Mwanafatuma aliikumbuka siku hiyo mpaka harufu ya udi, na kwa muda mfupi alifurahi, kabla hajaogopa.

Mlango ulifunguliwa. Mhudumu aliingia na glasi ya juisi ya ukwaju kwenye trei, akainama kuiweka mezani, na simu ilikuwa hapo hapo, imelala uso juu. Mhudumu huyo alikuwa Amin, mtoto wa Twaiba.

Trei haikuanguka. Amin alikuwa mhudumu mzuri. Aliiweka glasi, akaigeuza kidogo ili mpini wa kijiko uelekee kwa mgeni, kama alivyofundishwa, kisha akatazama sakafu.

"Samahani, Bi Mwanafatuma," alisema, kama aliyekosea ni yeye, akatoka kinyumenyume.

"Huyo ni mwanawe," Mwanafatuma alisema.

"Wa nani?"

"Wa huyo anayecheza."

Caroline alitazama mlango, akatazama simu. "Kumbe! Si basi atafurahi? Mamake atakuwa staa."

"Mwanamke huyo hakuna mwanamume aliyemwona hivyo ila mumewe, naye amekufa. Leo umemwonyesha mwanawe, tena akiwa na trei mkononi."

"Lakini amevaa, mum. Amevaa nguo. Hapo nje watu wanazunguka na chupi."

"Hao wamependa wenyewe. Huyu aliambiwa na mimi kwamba hakuna atakayemwona."

Caroline aliigeuza simu uso chini. Tukubali kwamba aliona haya kidogo. Lakini alikuwa na bosi, na bosi wake alikuwa ameshaahidi wageni.

"Sikia, Mama Sufyan. Mimi sina shida na wewe. Lakini imeshatangazwa, Jumamosi, chai ya jioni. Hata usipotengeneza, ziko kwa simu, nitazirusha ukutani hivyo hivyo, ni vile tu hazitakuwa na ile kitu. Na Sufyan ndiye aliniletea. Bwana Kavumbi akiniuliza nani ametuangusha, mimi nitasema nini?"

Ilisemwa kwa upole kabisa. Mwanafatuma alifunga kopo.

"Nipe niende nazo. Nitatengeneza."

"Unaona? Thank you, mum."

Sufyan alikuwa akimsubiri nje, penye mapipa. Aliposikia mamake amekubali, alimshika mkono na kumshukuru, macho yamelowa. Mwanafatuma aliutoa mkono wake taratibu na kuondoka. Alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote duniani, na siku hiyo hakutaka kumtazama.

*

Angeweza kunyamaza. Amin asingesema neno, maana hakuna mtoto anayekwenda kwa mamake na habari kama hiyo. Lakini asubuhi iliyofuata Mwanafatuma alimpitia Hanifa, akampitia Jumwa, na wote watatu wakaenda kwa Twaiba. Walimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi.

Hanifa ndiye aliyekuwa bibi harusi wa siku ile. Sasa alikuwa Hajati, bibi wa wajukuu wengi, mtu wa kuogopwa. Jumwa alikuwa mtu wa Kinango, Mkristo, aliyeolewa mtaani kwao na kualikwa kila harusi kwa sababu hakuna aliyemshinda kupiga vugo, ile pembe ya ngoma za harusini. Mwanafatuma aliwaeleza yote akiwa amesimama. Alikataa kukaa. Alisema kopo lilikuwa chini ya kitanda chake, aliyelitoa ni mwanawe, na Amin ameona.

Nazi iliisha na Twaiba akaendelea kukuna. Mbuzi ikawa inalia juu ya kifuu kitupu.

"Mwanangu ameniona," alisema.

"Amekuona."

"Nikicheza?"

"Ukicheza."

"Ndiyo maana jana hakula." Aliweka kifuu chini. "Mwanafatuma, sisi tulikuamini wewe. Si kamera. Wewe."

"Najua. Nimekuja uniambie lolote unalotaka kuniambia."

Twaiba alimwambia. Hayo hayataandikwa hapa, lakini yalikuwa mengi na yalikuwa haki yake, na Mwanafatuma aliyasikiliza yote bila kujitetea. Hanifa alivuta uradi kwa tasbihi yake. Jumwa alianza kuokota chembe za nazi zilizomwagika, ili apate cha kufanya.

"Zichome," Twaiba alimaliza. "Leo. Hapa hapa."

"Na zilizo kwenye simu?" Hanifa aliuliza.

Twaiba aliinuka, akaikunja mbuzi.

"Utachoma hizi," Hanifa aliendelea, "zetu, halafu wao watabaki na zao. Jumamosi watanimulika ukutani, mimi, mbele ya wajukuu zangu wanaobeba sahani. Sisi ndio tutakuwa hatuna kitu."

"Basi twende tukamwangukie miguuni huyo msichana wa bara," Twaiba alisema kwa uchungu. "Tumwombe atusitiri."

"Kuomba?" Hanifa alimgeukia. "Lini sisi tuliomba? Siku ya harusi yangu tulisema wanaume watoke, wakatoka. Baba yangu alitoka kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Chifu alitoka. Sheikh alikuwa amekaa anasubiri biriani, akatoka na sahani yake. Sasa mwenye hoteli ni nani hata asitoke?"

Jumwa alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Mie nipo kwenye hizo picha?"

"Upo," Mwanafatuma alisema. "Unapiga vugo umefumba macho."

"Ai, nataka kuona. Mume wangu mie alikuwa akiniona nikicheza kila siku, hana habari. Lakini siku ile nilicheza kwa sababu hakukuwa na mume wa mtu."

Twaiba alikuwa ametazama pembeni. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ile niliyopewa, marehemu aliichana. Alisema mke wa mtu haweki picha kama ile hata kabatini. Sijajiona tangu siku hiyo." Alijifuta mikono kwenye leso. "Nilikuwa nimevaa ile ya kijani?"

"Ile ya kijani."

"Na nilicheza vizuri?"

"Twaiba, nilimaliza nusu ya mkanda kwa ajili yako."

Basi wakakaa, na sasa hata Mwanafatuma akakaa, wakapanga. Wanawake wa kizungu wangeruhusiwa, maana Hanifa alikumbusha kwamba harusini kwake alikuwapo daktari mmoja wa kizungu, akacheza vibaya kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyekatazwa kuwa mwanamke. Simu zingekusanywa mlangoni kwenye kapu, kama zinavyokusanywa siku hizi kwenye kila sherehe ya kupamba bibi harusi. Kilichobaki kilikuwa mtu wa mlangoni. Zamani alisimama mjomba au kaka, nje, mgongo umeelekea ndani.

"Atasimama aliyezitoa," Twaiba alisema.

Mwanafatuma alielewa anaombwa nini, na alielewa hana uso wa kukataa.

*

Alizitengeneza siku nzima ya Ijumaa, Zahoro akiwa kwenye kigoda chake. Sura zilikuja moja baada ya nyingine kutoka kwenye maji, ndogo kama kucha, kila moja na rangi zake: hina, dhahabu, maua ya asumini kwenye nywele. Wengine walikuwa wameshakufa. Mwanafatuma alilia kidogo juu ya beseni, na hakujizuia, maana bafuni hakuna wa kumwona.

"Na mimi siwezi kutazama hata moja?" Zahoro aliuliza kupitia mlangoni.

"Huwezi."

"Hata zako?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, mume wangu. Sipo hata moja."

Zahoro alimfukuza kuku aliyesogea. Kisha akasema, "Yale niliyosema juu ya kuchagua zisizo mbaya. Niliogopa mvua."

"Hata mimi naiogopa."

Sufyan alikuja kabla ya magharibi. Mamake alimweleza mpango wote bila kumficha kitu, na alipofika pa kusimama mlangoni, kijana alikaa chini kwenye baraza.

"Nitafukuzwa."

"Huenda."

"Mama, miaka mitatu nimebeba maspika ya watu ili nipate mkataba ule."

"Najua. Nilikufulia yale mashati." Alikaa karibu naye. "Sikulazimishi. Usipotaka, nitamwambia Twaiba hukutaka, na babako atasimama. Lakini nitalazimika kumwambia. Amin ni mwenzako, mmesoma pamoja. Juzi aliniomba msamaha mimi. Fikiria hilo, Sufyan, yeye ndiye aliyeomba msamaha."

Sufyan hakuahidi. Aliondoka bila kula.

*

Jumamosi askari wa langoni aliona wanawake wakishuka kwenye tuktuk, nne, tano, zikizidi kuja, buibui nyeusi na leso za Jumwa na wenzake, na mbele yao Hanifa na fimbo yake.

"Mama, wafanyakazi wanapita ..."

"Nani mfanyakazi?" Hanifa aliuliza, akampita.

Ukumbini mapazia yalikuwa yamevutwa na wageni wameketi kwa chai na mahamri. Caroline alishtuka kuona umati, kisha akaona jinsi leso zinavyopendeza kwa ukumbi na akaamua kufurahi. Mwanafatuma alisimama nyuma ya projekta. Alianza na wavuvi, soko, watoto wa Tiwi, klak, klak, na wageni wakapiga makofi. Wahudumu walipita gizani na birika. Baada ya mtoto wa mwisho wa Tiwi aliizima taa ya projekta, akafungua pazia moja, akaenda mbele. Sufyan alikuwa karibu na ukuta, kipaza sauti mkononi, kwa sababu kutafsiri ilikuwa kazi yake.

"Picha zinazofuata zilipigwa upande wa wanawake," Mwanafatuma alisema. "Wenyewe ni hawa hapa, wamekuja. Wameruhusu zionekane, kwa mila yao. Wanaume watoke."

Ilikuwa zamu ya Sufyan kusema, na hakusema. Mamake hakumtazama. Caroline alikuwa akimpungia mkono aruke, aendelee, aseme kitu kingine.

Wa kwanza kutembea alikuwa Amin. Aliweka birika mezani, akalisawazisha, akapita katikati ya meza mpaka mlangoni na kutoka. Mhudumu wa pili akafuata, mjukuu wa Hanifa, kisha wa tatu, kisha fundi wa taa. Birika zilibaki juu ya meza zikifuka. Ndipo Sufyan akainua kipaza sauti na kusema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwamba wanaume wote wanaombwa kutoka sasa, na kwamba mama zake hawaanzi mpaka watoke. Akakiweka kipaza sauti chini na kutoka yeye pia.

Bibi mmoja wa kizungu mwenye kofia alicheka kwa sauti, akamvuta mumewe kutoka kwenye kiti na kumsukuma mlangoni, na baada yake wengine wakafanya hivyo hivyo. Wanaume walitoka na vikombe vyao.

"Mama Sufyan, unaniua," Caroline alinong'ona. "Aki, Bwana Kavumbi atanimaliza."

"Wewe ni mwanamke. Kaa. Lakini simu."

Jumwa alikuwa amemfikia na kapu. "Zifute kwanza, mwanangu, nikiona. Na kule zinakokwenda zikishafutwa, futa na huko. Wajukuu zangu wamenifundisha."

Caroline alitazama kuta, hakuona wa kumsaidia, akafuta. Kisha akafuta na huko kwingine. Kapu lilizunguka meza hadi meza, likajaa, likapelekwa nje. Pazia likafungwa.

Taa ya projekta iliwaka na Twaiba akatokea ukutani, mrefu kuliko mlango, leso ya kijani, mikono juu. Twaiba mwenyewe alisimama. Alivua mtandio, akaukunja, akamkabidhi Hanifa, akasogea mbele mpaka rangi ya leso ile ikamwangukia usoni, akajitazama. Vigelegele vilianza nyuma, kwa Jumwa, na vikazagaa.

Nje, Sufyan alikuwa amesimama mgongo kwa mlango, kapu la simu miguuni, Amin upande wake wa kulia. Bwana Kavumbi, meneja mkuu, alikuja kwa haraka kutoka ofisini, maana alikuwa ameambiwa wahudumu wote wako bustanini na wageni wa kiume wamesimama juani na vikombe.

"Kuna nini humo ndani?"

"Harusi, bwana."

"Harusi ya nani?"

"Ya Bi Hanifa."

Kavumbi alisikiliza. Ndani palikuwa na kishindo cha miguu, na sauti ya wanawake wengi wakicheka kwa pamoja, kicheko ambacho yeye, mtoto wa Mariakani, alikijua tangu utotoni kwa kukisikia upande wa pili wa ukuta. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Sufyan, fungua mlango huo au chukua vitu vyako uende nyumbani."

Sufyan hakuwa ameiona hata picha moja, na alijua hataiona.

"Nitakwenda nyumbani, bwana," alisema. "Wakishamaliza."